Watoto, Vinyonga na Wazee Wavumilivu

Ukitoka Muthangari ukashika Barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, hujamaliza nyiradi zako za safari umeshafika Kabete. Huko, tarehe 7 Agosti 1903, mke wa padri mmoja wa Kiingereza alijifungua mtoto wa kiume katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Wazee wa Kikuyu walikuja kumtazama mtoto huyo mweupe, na kila aliyemwona akamtemea mate, kwani kwao mate ya mzee ni baraka na kinga ya jicho baya. Mama mzazi akawa na kazi moja tu: kuosha. Mtoto alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba haamini kama kulikuwa na mtoto mwingine aliyeogeshwa mara nyingi kuliko yeye.

Jina lake ni Louis Leakey. Wasomaji wetu wanamjua kwa mafuvu na mifupa ya kale aliyoichimbua Olduvai na kwingineko, lakini wachache wamesoma kumbukumbu zake za utotoni, White African, zilizotoka mwaka 1937. Nazileta hapa kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila mara katika vikao vyetu vya kina mama: kwamba mtoto kuokota wadudu, kukaa chini ya mti akitazama ndege, kuleta konokono chumbani, ni mambo ya Wazungu, na ikiwa mtoto mwenyewe ni wa kike, basi ni balaa juu ya balaa. Tuanze basi na hao Wazungu, kisha turudi kwetu.

Padri Harry Leakey alipenda ndege na wanyama, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa jumuiya ya wapenzi wa viumbe iliyoundwa mwaka 1909 na kuanzisha jumba la makumbusho la Nairobi. Kwa hiyo mtoto aliyejaza nyumba mayai ya ndege hakuwa na wa kumgombeza sana. Alicheza na kuwinda pamoja na wavulana wa Kikuyu, akafundishwa kutega na kunyatia wanyama na mzee Joshua Muhia, akaingia jandoni na rika lake, akapewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Baada ya hapo akadai haki ya kila kijana wa Kikuyu aliyetoka jando: nyumba yake mwenyewe. Akiwa na miaka kumi na mitatu alijijengea, na humo akaweka mafuvu, ngozi za ndege na mayai. Hebu fikiri, mama mwenzangu, mwanao wa umri huo akuage kwamba usiku analala kwake! Wazazi wale walikubali, na nadhani harufu ya ngozi zile iliwasaidia kuamua.

Siku moja jamaa wa Uingereza alimtumia kitabu cha hadithi za watu wa zamani waliotumia zana za mawe. Mtoto akatoka mbio kutafuta za kwake. Akaokota vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa, vya lile jiwe la volkano ambalo Bonde la Ufa limejaa. Wakikuyu waliviita nyembe za mizimu, wakisema vimeshuka na mvua. Yeye alivikusanya kwa siri, akiogopa kuchekwa, mpaka akajipa moyo akampelekea Arthur Loveridge, msimamizi wa kwanza wa makumbusho. Loveridge hakucheka. Alivigeuzageuza, akamwambia kwamba baadhi yake ni zana kweli zilizochongwa na binadamu, akamwonyesha namna ya kuziandikia kumbukumbu. Ningependa kila mtoto wa Nairobi apate Loveridge wake, mtu mzima mmoja tu asiyecheka.

Kichekesho kingine ni cha Cambridge. Alipotakiwa kutoa ithibati ya lugha ya pili, kijana akachagua Kikuyu, akaleta cheti chenye alama ya dole gumba la chifu. Ikaenea hadithi kwamba chuo kilipotafuta mtahini wa lugha hiyo nchini Uingereza, hakikumpata ila mtahiniwa mwenyewe.

Hata hivyo kitabu hiki usimwachie mtoto akisome peke yake. Kicheko chake kimekaa juu ya ardhi ambayo wenyewe walikuwa wakiipoteza. Miaka ile Kabete ilipokuwa uwanja wa michezo wa mtoto mmoja mwenye bahati, familia za Kikuyu za kandokando ziliona mashamba yao yakigawiwa walowezi. Na ile lugha aliyoinyonya kwa wachezaji wenzake ilimfikisha Kapenguria mwaka 1952, mkalimani wa mahakama iliyomhukumu Jomo Kenyatta. Mimi siwezi kuusoma mlango wa jandoni nikacheka kama nilivyocheka kwa yale mate. Mtoto aambiwe yote mawili.

Sasa turudi pwani, maana hapa ndipo wengi husahau. Miaka 51 kabla ya kitabu cha Leakey, binti wa Kiislamu wa Unguja alikuwa ameshachapisha kumbukumbu za utotoni zenye kuchekesha zaidi. Ni Bibi Salme binti Said, mwana wa Seyyid Said bin Sultan. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Yaliyompata ugenini yana mjadala wake, na si wa leo. Leo nataka ua wa jumba la Mtoni.

Humo uani, asema, paa, tausi, kanga, heroe, mabata, mabata bukini na mbuni waliishi huru pamoja, na watoto wa Seyyid wakiwa katikati yao kama kundi jingine la wanyama. Kazi waliyoipenda ni kuokota mayai, hasa ya mbuni, na kumpelekea mpishi mkuu, naye akiwalipa vitamu. Juu ya roshani baba yao alitembea huku na huko, akichechemea kwa risasi ya vita vya zamani, akiwaza. Ndani alitawala mkewe mkuu, Bibi Azza binti Sef, mfupi wa kimo na mrefu wa kiburi, ambaye wakubwa kwa wadogo walipaswa kwenda kumwamkia kila asubuhi, na ambaye hata Seyyid mwenyewe hakupenda kumpinga. Watoto wa Seyyid waliokuwa hai alipofariki mwaka 1856 walikuwa 36. Anayelalamika kwamba nyumba yake ina zogo na asome ukurasa huo.

Siku moja Salme aliukwea mnazi mrefu bila ile kamba ya miguuni wanayofunga wakwezi. Akiwa huko juu akampigia salamu mtu aliyekuwa akipita chini bila habari. Fadhaa ikazuka! Watu wakakusanyika, wakamsihi, wakaomba Mungu. Kumtuma mkwezi haikufaa, kwani anayekwea mnazi anahitaji mikono yake yote miwili, hawezi kubeba mtoto. Naye akastarehe kileleni, akitazama fujo aliyoizua, mpaka mama yake alipoanza kumwahidi mazuri chungu nzima. Hapo akateremka taratibu. Siku hiyo, anasema, alidekezwa badala ya kuadhibiwa.

Binti huyohuyo alikatazwa kuandika, kwa kuwa wasichana wa zama zake walifundishwa kusoma tu. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kama si mfupa ule, mbuni wa Mtoni wasingebaki na mtu wa kuwasimulia.

Anayedhani dini inamkataza mtoto haya, namkumbusha kwamba nyuki, chungu na buibui wana sura zenye majina yao katika Qur'ani. Namkumbusha pia Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa na mtoto akahuzunika, Mtume (S.A.W.) alimuulizia habari zake kwa maneno yenye vina, ili kumchangamsha.

Hapa Muthangari, ghorofa zimemeza bustani nyingi, lakini kwarara bado wanapiga kelele alfajiri kuliko simu yoyote, kima hutoka vichakani kuiba ndizi, na katika ua wa michongoma hukosi kumkuta kinyonga mwenye pembe tatu. Sisemi afungiwe nyumbani, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali, na kinyonga mwenyewe hafurahi. Ninasema atazamwe, na mtoto apewe daftari na kalamu.

Jirani yangu amefanya hivyo kwa binti yake wa miaka tisa. Bibi wa mtoto alikuja kutoka Mombasa, na watu wa kwetu mnawajua kwa kinyonga: akasema ama mdudu yule, ama yeye na sanduku lake. Wakasuluhishana. Kinyonga abaki kwenye ua, bibi abaki barazani, na mtoto asimvuke mpaka. Nililiona daftari lenyewe. Amechora pembe tatu, macho mawili yanayotazama pande mbili, na mkia uliojikunja kama konokono. Chini ameandika tarehe, saa, na hali ya mvua. Kisha, kwa mwandiko huohuo wa makini: leo amegeuza rangi mara mbili, bibi mara tatu.