Tuketi Upande Upi wa Ndege?

Sisi tunaokaa Kigobe huzisikia ndege kabla ya kuziona. Hutua magharibi yetu, katika uwanja ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, na watoto hukimbilia nje kuzitazama. Swali lao ni lile lile: aliyemo ndani anatuona? Jawabu ni kwamba yategemea kiti alichoketi. Na ni masikitiko kusema kwamba wengi wetu hatukijali kiti hicho.

Wenye vyeo hupendelea kiti cha kwenye ujia, karibu na mlango, wapate kushuka mwanzo. Wengine huomba dirisha, kisha wakajikuta juu ya bawa, wasione kitu ila bati. Atakaye kuona na aombe safu zilizo mbele ya bawa, kwani nyuma yake joto la injini huitetemesha nchi yote machoni. Katika ndege za pangaboi ambazo mabawa yake yako juu ya madirisha, taabu hiyo ni ndogo.

Tena kuna jua. Kwenda Nairobi ni safari ya kilomita 870 hivi, kuelekea mashariki, na sehemu kubwa ya Ziwa Victoria hubaki kushoto kwa msafiri. Lakini mwezi wa Juni jua letu huwa kaskazini, upande huo huo, likamchoma macho. Desemba huhamia kusini. Atokaye Dar es Salaam kwenda Nairobi hushauriwa aketi kushoto, auone Kilimanjaro wenye meta 5,895, na arudipo aketi kulia. Ushauri huo ni mwema, nasi hatuupingi.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, dirisha lenye thamani kuliko yote ni lile la dakika kumi za mwisho, ndege inaporudi nyumbani. Ikija kutoka kaskazini, juu ya bonde la Rusizi, mji wa Bujumbura huwa kushoto. Ikija kutoka kusini, juu ya Ziwa Tanganyika, mji huwa kulia. Rubani huamua kwa kufuata upepo, kwa hiyo si kosa kumwuliza mhudumu mapema. Wakati bora ni mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimeisafisha hewa. Ifikapo Agosti moshi na vumbi la kiangazi hufunika kila kitu.

Nini huonekana? Upande wa mji ni barabara za Buyenzi zilizonyooka, mapaa ya Kigobe, na nyuma yake milima iliyolimwa hadi kileleni. Huonekana Ntahangwa likishuka katika korongo lake, kuta zikimegeka jirani na nyumba za watu, na baada ya mvua, maji mekundu yakiingia ziwani: huo ndio udongo wa mashamba yetu. Upande wa pili, chini ya milima ya Uvira, ni Rusizi na Gatumba. Mto huo ulifurika Aprili 2020, maelfu ya watu wakahama; mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia majumbani. Aliye chini huona maji mlangoni pake tu. Aliye juu huona yalikotoka na yanakokwenda.

Hapa Kigobe ndipo lilipo jumba ambamo wabunge wamekuwa wakikutana kutunga sheria, za ardhi na za mazingira zikiwamo. Waheshimiwa hao husafiri kuliko sisi. Tunawaomba waviache viti vya kwenye ujia. Wakiwa wawili, mmoja aketi kushoto na mwenziwe kulia, magazeti wayakunje, na kabla ya kuchukua mizigo yao waulizane kila mmoja ameona nini.