Kinanda Hakina Hatia

Upo ugonjwa mmoja uwapatao watu waliosoma: kuipima sauti ya kinanda kwa nguo za mpigaji wake. Dawa ya ugonjwa huu yapatikana katika historia ya buzuki, kinanda cha Wagiriki.

Buzuki ina shingo ndefu, tumbo la duara mfano wa nusu ya peasi, na nyuzi za chuma zifungwazo mbili mbili: zamani sita, baadaye nane pia. Baada ya vita vya 1922, Wagiriki zaidi ya milioni moja waling'olewa katika Asia Ndogo, na wengi wakaishi kwa dhiki katika miji kama Piraeus. Humo bandarini, muziki wa mafukara uitwao rebetiko ulistawi. Markos Vamvakaris, bingwa wa buzuki, alipata kuwa mchukuzi wa makaa na mfanyakazi wa machinjioni.

Waungwana wakakidharau kinanda hiki wakisema ni cha wavuta bangi na wafungwa. Serikali ya Ioannis Metaxas, iliyoshika utawala kwa mabavu mwaka 1936, ikazikagua nyimbo kabla hazijatiwa katika santuri.

Sikatai kuwa baadhi ya nyimbo hizo zilisifu bangi. Lakini ni nani aliyepata kuifunga kalamu gerezani kwa uongo wa mwandishi? Hatia ni ya mtu. Uzi hauna hatia. Na aliyetaka kuwaponya maskini angaliwapa kazi na nyumba, asingaliwanyang'anya wimbo.

Mwaka 1949 mtunzi Manos Hadjidakis aliutetea muziki huo hadharani mbele ya wasomi wa Athens. Mwaka 1960 Mikis Theodorakis aliyatoa katika santuri, yakiwa yametiwa muziki, mashairi ya Yannis Ritsos, kilio cha mama aliyeuawa mwanawe, na buzuki ya Manolis Chiotis ikayasindikiza. Wako waliochukizwa: ushairi mtukufu kupigiwa kinanda cha vilabuni! Lakini mwaka 2017 UNESCO iliiandika rebetiko katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Hata hivyo, heshima hiyo haikuongeza katika buzuki uzi hata mmoja. Utamu ulikuwamo tangu zamani. Kilichokosekana ni masikio. Basi, ewe mwanafunzi, elimu ikikufundisha kungoja cheti cha wakubwa kabla ya kusikia uzuri, jua kwamba haijakuelimisha, imekuziba masikio. Sikiliza kwanza; kisha hukumu.