Aliyetoa damu ana haki ya kujua matokeo

Majuma machache yaliyopita mama mmoja wa hapa Mombasa aliingia katika kliniki yangu akiwa na mtoto mgongoni na karatasi mkononi. Ilikuwa fomu ya idhini. Watafiti walikuwa wamemwomba amruhusu mtoto wake kushiriki katika utafiti wao. Mama huyo hakuja kutibiwa bali alikuja kuuliza.

"Daktari," akasema, "miaka minne iliyopita walichukua damu ya kaka yake huyu. Waliniambia wanafanya utafiti. Je, waliona nini?"

Sikuwa na jibu. Jioni, baada ya kufunga kliniki, nilitafuta kwenye intaneti, nikaona kwamba utafiti ule ulikuwa umechapishwa katika jarida la ng'ambo. Muhtasari wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini nilipotaka kusoma ripoti kamili, niliambiwa nilipe dola 30 na ushei, yaani takriban shilingi 4,000. Kwa pesa hizo mama huyo huwalisha watoto wake siku kadhaa.

Ndugu msomaji, hebu tulitazame jambo hili vizuri. Damu ilitoka hapa. Mtoto aliyelia alipochomwa sindano ni wa hapa, na muuguzi aliyemshika mkono ni wa hapa. Lakini yaliyopatikana katika damu hiyo yamefungiwa kabatini ng'ambo, na ufunguo unauzwa kwa dola. Kisha tunashangaa wananchi wanapowakimbia watafiti na kuwaita mumiani! Sisi tuliozaliwa Pwani tulitishwa na mumiani tangu utotoni, yule mtu anayenyonya damu za watu akazifanye dawa. Mimi siamini hadithi hiyo. Hata hivyo, mtu akichukua damu yako, akaondoka, na asirudi kukuambia aliona nini, kuna ajabu gani ukimdhania hivyo?

Wako wenzangu katika taaluma hii wanaosema kwamba mwananchi wa kawaida hataelewa mambo ya utafiti, na kwamba afadhali aachiwe tangazo la wakubwa. Kwa maoni yangu, mawazo hayo yametugharimu sana.

Funzo la Kemron

Mapema mwaka wa 1990, nikiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, watafiti wa taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, walitangaza kwamba vidonge vya Kemron, vyenye kiasi kidogo sana cha interferoni, vilikuwa vikiwaletea wagonjwa wa ukimwi nafuu kubwa. Mwezi Julai mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi aliizindua dawa hiyo rasmi. Siku hizo kuambiwa una ukimwi kulikuwa sawa na kusomewa hukumu ya kifo. Nchi nzima ilijaa matumaini, na wagonjwa walisafiri hadi Nairobi hata kutoka nchi za mbali.

Majaribio yaliyofuata hayakuona faida hiyo. Miongoni mwake ni yale yaliyofanywa Uganda, ambako wagonjwa waliopewa dawa hiyo walilinganishwa na wengine waliopewa vidonge vitupu. Kemron haikuwa tiba.

Simlaumu mtafiti kwa kujaribu akashindwa. Kushindwa ni sehemu ya kazi ya sayansi kila siku. Kosa lilikuwa kupiga ngoma kabla wengine hawajapewa nafasi ya kupima na kuhakikisha. Matumaini yalizinduliwa kwa shangwe, lakini masahihisho yakabaki katika majarida ya wataalamu, mahali ambapo mwananchi hafiki. Ndiyo maana hadi leo nakutana na wazee wanaoapa kwamba Kemron ilikuwa dawa kamili, ila Wazungu waliizima ili wauze zao. Nikikanusha, huniuliza, "Wewe uliyaona wapi matokeo?" Swali hilo ni la haki.

Ukweli mchungu ulivyofaa

Sasa tazama mfano wa pili. Kwa miaka mingi sisi madaktari tulifundishwa kwamba mtoto anayeletwa na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi kwa sababu damu haizunguki vyema, ateremshiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Utafiti ulioitwa FEAST ulilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo. Matokeo yalichapishwa mwezi Mei mwaka wa 2011, na yaliwashtua wengi. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji hayo ya haraka, 10 hadi 11 walifariki katika muda wa saa 48. Miongoni mwa waliopewa maji ya kawaida polepole, walifariki 7. Maji tuliyodhani yanaokoa yalikuwa yakiua. (Watoto walioishiwa maji kwa kuhara hawakuwa katika utafiti huo. Hao bado wanahitaji kurudishiwa maji upesi.)

Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilirekebisha mwongozo wake. Fikiria basi daktari kijana aliye zamu peke yake usiku katika hospitali ndogo ya kaunti, kati ya mwaka wa 2011 na 2016. Kama alikuwa na njia ya kuisoma ripoti ile, alijua la kufanya. Kama hakuwa nayo, aliendelea kufungua dripu kama alivyofundishwa, kwa nia njema kabisa. Kwake yeye, ripoti kusomeka au kutosomeka ni uhai wa mtoto aliye mbele yake.

Nani alipe?

Dunia imeanza kuliona tatizo hili. Mwaka wa 2002 wataalamu waliokuwa wamekutana mjini Budapest walitoa tamko wakitaka ripoti za utafiti zisomwe na watu wote bila malipo. Mwaka huohuo WHO na wachapishaji wakaanzisha mpango wa HINARI, unaoziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida bure au kwa bei nafuu. Ni mpango mzuri, lakini husajili taasisi. Daktari mwenye kliniki yake mtaani hana mlango hapo, sembuse mgonjwa wake.

Tena, wachapishaji wengine wamekubali kumfungulia msomaji mlango, ila wamehamishia bili kwa mwandishi. Mwishoni mwa mwaka wa 2020 wenye jarida la Nature walitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja isomwe na wote, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Mtafiti gani wa Maseno au Eldoret atazitoa wapi? Hapo tutakuwa tumepewa ruhusa ya kusoma na kunyimwa ruhusa ya kusema.

Njia nyingine ipo. Brazil ilianzisha mpango wa SciELO mwaka wa 1997, na majarida yake mengi husomwa bure kwa kutegemea fedha za umma. Majarida ya Afrika nayo yana mtandao wao uitwao AJOL tangu mwaka wa 1998. Kinachokosekana kwetu ni fedha na nia. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 ilisema utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hadi leo hatujafika hapo. Anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali la kuchunguzwa na mahali pa kuchapisha jibu, na kwa muda mrefu mlipaji huyo amekuwa mgeni.

Naomba mambo matatu yafanywe. Kwanza, kamati zinazotoa kibali cha kuwafanyia Wakenya utafiti ziweke sharti kwamba ripoti itasomeka bure, na kwamba ada ya uchapishaji itatoka katika bajeti ya mfadhili, si mfukoni mwa mtafiti wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Habari za mwili wake mwenyewe zisiwe chini ya hizo.

Pili, utafiti ulioshindwa utangazwe kama ule uliofaulu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na taasisi inayoficha dawa isiyofaa itaumbuliwa vivyo hivyo, pamoja na wagonjwa wake.

Tatu, matokeo yarudishwe kwa wenyewe kwa lugha wanayoielewa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, au Kigiriama, au Kiluo, usomwe barazani na ubandikwe katika ukuta wa zahanati. Ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, hata ikiwa bure, kwa mama yule bado imefungwa.

Sisemi kwamba kila kinachosomeka bure ni kweli. Yapo majarida yanayochapa lolote mradi mwandishi amelipa. Kwa hivyo nawe msomaji, ukisikia dawa mpya imegunduliwa, uliza: ilijaribiwa kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani aliyelipia? Asiyetaka kujibu maswali hayo hastahili imani yako, hata awe na digrii kumi.

Narudi kwa yule mama. Sikulipa zile dola. Nilimwandikia mtafiti mmoja ambaye jina lake lilikuwa kwenye muhtasari, naye akanitumia ripoti yote siku ya pili bila kuniomba hata senti. Ilionekana alifurahi kwamba kuna mtu aliyeulizia. Nilimwita mama, tukaketi, nikamweleza kwa Kiswahili yaliyoonekana katika damu ya mwanawe na ya watoto wenziwe. Ilichukua dakika ishirini. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na hawa wapya watarudi kuniambia, au nitakuja kwako tena?"

Fomu yake bado haijatiwa sahihi. Nimemshauri awapelekee watafiti swali hilo kabla ya kushika kalamu.