Hodi Hupigwa kwa Mwenyeji

Kila mwaka kusi ikishika na hoteli za pwani ya mashariki zikijaa, husikika swali moja: ni nchi gani ya Afrika inayofaa kuchaguliwa kwa safari ya kutazama wanyama? Muulizaji ameshapata fedha na likizo, kilichobaki ni kuchagua. Huwekewa mbele Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Botswana, Namibia na Afrika Kusini, kama sahani mbele ya mgeni wa arusi, kisha huambiwa: hapa simba wengi, pale masokwe wa milimani, kule tembo makundi kwa makundi. Na ukishachoshwa na vumbi, malizia Zanzibar. Sisi wa visiwani ndio haluwa na kahawa baada ya chakula.

Swali hili limeulizwa vibaya, na sisi tunaoishi kwa fedha za muulizaji ndio wa mwanzo kumsaidia aliulize vibaya. Nchi haichaguliwi kwa hesabu ya simba wake. Kila anayechagua nchi ya kutalii anachagua pia, ajue asijue, namna fulani ya kuwatendea watu wanaoishi na wanyama hao. Nitajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe, maana limetoka kwetu. Safari, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, kwetu ni mwendo wenye sababu. Mtu husafiri kwenda Pemba kuzika, kwenda Makka kuhiji, kwenda Dar es Salaam kutafuta matibabu. Tunapomtakia safari njema hatumtakii aone chui. Tunamtakia afike na arudi. Neno hili liliingia Kiingereza katika karne ya 19, pamoja na misafara ya bara iliyobebwa na wapagazi, wengi wao wakiajiriwa hapahapa Unguja. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa limeshageuka maana. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuacha urais wa Marekani, alifuatana na mamia ya wapagazi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na hesabu hiyo akaichapisha mwenyewe, mnyama kwa mnyama. Wapagazi, isipokuwa wachache, walibaki kundi lisilo na majina.

Leo bunduki, kwa wageni walio wengi, imekuwa kamera. Daftari la hesabu ni lilelile. Hao "wakubwa watano" wanaotangazwa kila pembe, yaani simba, chui, tembo, nyati na kifaru, hawakupewa cheo hicho kwa uzuri wao. Walipewa na wawindaji, kwa sababu kuwafuata kwa miguu na kuwaua kulikuwa na hatari kubwa.

Hata kwa kipimo chake chenyewe, swali la nchi gani halisimami. Nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti huzaa katika nyanda za kusini mnamo Februari, hupanda kaskazini wakifuata mvua na majani, na kati ya Julai na Oktoba huvuka Mto Mara wakaingia Kenya, kisha wakarudi. Ni wa nchi gani? Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na miongoni mwa manung'uniko yake lilikuwamo hili: kwamba mtalii hulala na kulipa Nairobi, kisha huja kutazama Serengeti. Magari na ndege za Kenya zilizuiliwa, wasafiri wakakwama. Nyumbu waliendelea kuvuka mto. Mwenye kuniambia nichague Kenya au Tanzania kwa ajili ya nyumbu, basi ananiambia nichague ukingo wa mto.

Kisichovuka mto ni sheria. Nani ana haki juu ya ardhi, nani aliondolewa juu yake, nani hulipwa mgeni anapoikanyaga: hayo ndiyo hutofautiana baina ya nchi na nchi, na hayo ndiyo yasiyoandikwa katika vijitabu vya mawakala.

Tuitazame Serengeti, ambayo hata jina lake limetoka kwa Wamaasai. Ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, watu walikuwa wakiishi na kuchunga ndani yake. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walikubali kwa hati kuihama, na mwaka uliofuata ardhi ikagawanywa: Serengeti ya wanyama peke yao, na Ngorongoro ambako watu, mifugo na wanyama wa porini wangeishi pamoja. Mwaka huohuo wa 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu ya kuulilia ulimwengu usiiache Serengeti ife, na filamu ikatunukiwa Oscar. Mwanawe Michael alikufa hukohuko kwa ajali ya ndege. Siyadharau mapenzi ya mzee aliyemzika mwanawe ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro. Hata hivyo Grzimek aliamini kwamba mtu yeyote, hata mzaliwa, hapaswi kuishi ndani ya hifadhi, na Serengeti iliyoenea ulimwenguni kupitia picha zake ni nyumba isiyo na mwenyewe.

Ahadi ya Ngorongoro nayo ikaanza kukonda. Wakaazi waliokuwa kiasi cha 8,000 mwaka 1959 walikaribia laki moja kufikia 2021, na serikali ikasema ardhi haiwezi tena kuwabeba. Kuanzia Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali husema ni kwa hiari; wengi waliobaki hukana. Mwezi huohuo, katika Loliondo, vigingi viliwekwa kutenga kilomita za mraba 1,500. Yakazuka mapambano, askari polisi mmoja akauawa, na wanavijiji waliojeruhiwa wakakimbilia Kenya kutafuta matibabu. Agosti 2024 maelfu ya Wamaasai walikaa katika barabara ya Ngorongoro inayopita magari ya watalii. Desemba mwaka huo Rais alikutana nao na kuahidi tume za kuchunguza malalamiko yao. Mgeni aliyekuwa garini Agosti ile alicheleweshwa na watu ambao kijitabu chake hakikumwambia kuwa wapo.

Asiseme mtu kuwa naisema Tanzania peke yake. Botswana husifiwa kwa wageni wachache walipao sana, na kwa utulivu wake. Hifadhi ya Kalahari ya Kati ilianzishwa mwaka 1961, na miongoni mwa makusudio yake ni kuwapa Wasan mahali pa kuendelea kuishi maisha yao. Mwaka 1997 na tena 2002 waliondolewa. Wakashitaki, na tarehe 13 Desemba 2006 Mahakama Kuu ikaamua, majaji wawili dhidi ya mmoja, kuwa kuondolewa kwao mwaka 2002 hakukuwa halali. Mmoja wa majaji wale wawili alikuwa Unity Dow, ambaye pia ni mwandishi wa riwaya. Ikawa wamerudi na kisima chao kimefungwa. Wakati huohuo kambi ya watalii yenye bwawa la kuogelea ilifunguliwa ndani ya hifadhi. Ilibidi Mahakama ya Rufaa, Januari 2011, ndiyo iseme kwamba mtu aliyekaa kwao kwa haki ana haki pia ya kunywa maji. Na huko Uganda, Wabatwa walitolewa katika msitu wa Bwindi mwaka 1991 ili uwe hifadhi ya masokwe. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikuja kuutambua upande wao Agosti 2021, baada ya miaka 30.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: bila ya hifadhi, wanyama wangekuwa wamekwisha, na watu wako hao ndio wangewamaliza. Hoja hii ina uzito, nami mtu wa Unguja nisingethubutu kuibeza, maana sisi tulikuwa na chui wetu. Chui wa Unguja alituhumiwa kuwa hufugwa na wachawi, akasakwa katika kampeni iliyofuata Mapinduzi ya 1964, na leo hakuna awezaye kumwonesha akiwa hai. Basi sisi si malaika.

Lakini tutazame pia kilichomnusuru jirani yake, kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa hiki peke yake ulimwenguni. Punju ni sumu. Wakulima walimwita hivyo kwa kuwa walimwona balaa la miti na mazao. Tangu miaka ya 1990 sehemu ya fedha za wageni wanaokuja kumtazama Jozani ilianza kuwafikia wakulima na vijiji vya jirani, kabla hata ya msitu ule na Ghuba ya Chwaka kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya kima 5,800, karibu mara tatu ya walivyodhaniwa. Malalamiko ya wakulima hayajesha, na mgao daima ni mdogo kuliko hasara, asemavyo mwenye shamba. Hata hivyo, mwenye shamba yupo, anajulikana, na mgeni hupita mbele ya mlango wake.

Na bara ziko nchi zilizoijaribu njia hiyo kwa upana zaidi. Namibia ilibadilisha sheria mwaka 1996 ili wanavijiji wa ardhi za jumuiya wapate haki juu ya wanyama na mapato yao; jumuiya za kwanza zilisajiliwa 1998, na sasa zimepita 80. Kando ya Masai Mara, wenye ardhi wameungana na kuyakodisha maeneo yao kwa kambi, wakalipwa kodi ya mara kwa mara. Rwanda ilipopandisha kibali cha kuwaona masokwe kutoka dola 750 hadi dola 1,500 mwaka 2017, ilipandisha pia mgao wa jamii zinazoizunguka hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo pepo. Ugonjwa wa Uviko ulipowafungia wageni mwaka 2020, kodi ya Mara ilikauka, na mwenye kukodisha malisho yake akaona jinsi alivyolitegemea tawi moja. Asilimia 10 nayo huacha 90. Walakini katika nchi hizi walau liko jambo la kuzungumzwa baina ya pande mbili.

Mwaka 2024, ukame ulipowakaba Wanamibia, serikali yao ilitangaza kuwa wanyama 723, wakiwamo tembo 83, wangechinjwa na nyama kugawiwa wenye njaa. Zilisikika kelele nyingi ughaibuni, na nyingi zilikuwa za kuwalilia tembo. Wanaweza kuwa na hoja wanaobishana juu ya hesabu ya tembo. Ninachouliza mimi ni kwa nini mtu mwenye njaa alikuwa mgumu kuonekana kuliko tembo, na naona jibu ni kwamba macho yamefundishwa hivyo na miaka mia ya picha.

Tena tusijitie kando kama kwamba hayo ni mambo ya bara. Mgeni huuziwa bahari tupu kama alivyouziwa mbuga tupu. Mwani, ngalawa na njia ya kwendea pwani vimesogezwa, hapa kidogo, pale kidogo, ili picha ikae sawa. Mama anayepita na kapu lake la mwani mbele ya viti vya wageni ameshaanza kuwa kama yule Mmaasai wa barabarani: mtu aliyeingia ndani ya picha bila ya kualikwa.

Na sisi wenye kalamu tuna deni letu. Katika hadithi tulizolelewa nazo, sungura, fisi na simba hukaa na watu, hudaiana, hudanganyana, hualikana karamu. Hakuna pori lisilo na mtu ndani yake. Neno safari limetoka vinywani mwetu likarudi limevuliwa watu, nasi tumelipokea hivyohivyo na kulitundika juu ya maduka. Wangapi kati yetu wameuona Ngorongoro au Mikumi? Ada ya mwananchi hulipwa kwa shilingi, nayo ni sehemu ndogo ya ada ya mgeni. Gharama ya gari na malazi najua inatuzuia. Ila inatuzuia pia dhana kwamba pale ni pa wageni.

Basi nimjibu muulizaji wangu, maana mgeni hukaribishwa hata akiuliza vibaya. Kwetu mtu hupiga hodi. Huipiga mara tatu, asipojibiwa hugeuka akarudi, wala hasukumi mlango kwa kuwa ameshalipa nauli. Hodi ina maana pale tu ambapo ndani yuko mtu awezaye kusema karibu, na awezaye pia kunyamaza. Kabla hujauliza simba wangapi, muulize wakala wako: ardhi ya kambi nitakayolala ni ya nani? Aliyekuwapo kabla yake yuko wapi leo? Katika ninacholipa, ngapi hubaki kijijini, na nani wa kijijini anaweza kuthibitisha? Anayenieleza habari za mahali hapa, amezaliwa hapa? Asipoweza kukujibu, mtafute mwingine. Akijibu kwa kukuonesha picha ya chui, mtafute mwingine upesi zaidi.

Usiniulize nchi, kwa kuwa ndani ya nchi moja zimo kambi za namna zote mbili. Nenda palipo na mwenyeji awezaye kukukatalia, akakuitikia. Hapo ukiwaona simba, waone. Usipowaona, utakuwa walau umefika kwa watu.