Mugonjwa wa tansio iko na roho pia

Mwenzetu mumoja wa kariere, hapa kwetu upande wa Bengamisa, alianguka asubui akiwa anapandisha muchanga toka shimoni. Mukono na muguu wa kuume vikafa mara moja, kinywa kikapinda. Tulimuweka kati ya watu wawili juu ya pikipiki, tukafuata barabara mupaka Kisangani, karibu kilometa 50. Huko wakatuambia: ni AVC, tansio imeharibu mushipa wa damu ndani ya kichwa.

Alilazwa majuma tatu. Kila asubui walikuja na mashini, wakafunga mukono, wakaandika namba. Namba ilishuka, sisi wote tukafurahi. Lakini yeye alikuwa anageukia ukuta. Bibi yake alimuletea lituma na samaki, sahani ikarudi vile ilivyokuja. Watoto walipoingia hakuwaangalia. Siku moja alimwambia mukubwa wake: "Yaya, munajisumbua bure. Miye sasa ni muzigo tu." Tulicheka kidogo, tukamwambia ajikaze kiume. Hakuna aliyekaa chini na kumuuliza: "Ndugu, ndani ya roho unajisikia namna gani?" Wanganga hawakuuliza. Sisi wa sendika pia hatukuuliza.

Alirudi nyumbani na karatasi ya dawa. Kisha muda kidogo akaacha kumeza. Mwezi wa ine akaanguka tena, na mara hii hatukumufikisha hospitali.

Kwenye matanga wengine walisema tansio ilimuua. Wengine walisema ni bulozi, ati kuna mutu alimuonea wivu juu ya jiwe alilopata mwaka uliopita. Sisi tunaona tofauti, na ndiyo sababu tunaandika leo: huzuni ndiyo ilimutoa dawa mukononi. Huzuni ile ilikuwa ugonjwa, na haikutunzwa.

Haya si maneno yetu tu. Wanganga wa dunia nzima wanajua kama kati ya watu watatu waliopata AVC, karibu mumoja anaingia ndani ya huzuni nzito, ile wanayoita depresio. Kwa wale waliopigwa na ugonjwa wa moyo wa gafula, ni karibu mumoja kati ya watano. Kwa AVC, jeraha lenyewe la ubongo linaweza kuleta huzuni hiyo, hata kwa mutu aliyekuwa anachekesha kariere muzima.

Na njia inakwenda pande zote mbili. Mu mwaka 2004 ulitoka uchunguzi mukubwa juu ya ugonjwa wa moyo, uliofanywa kwa watu karibu 30,000 katika inchi 52, pamoja na inchi za Afrika. Ulionyesha mambo 9 yanayoleta sehemu kubwa ya ugonjwa huo. Tumbako ilikuwa mo, tansio ilikuwa mo, na masumbuko ya roho pia yalikuwa mo. Mutu mwenye mawazo mingi halali vizuri, damu yake inapanda, anatafuta lotoko ili asahau, na lotoko inapandisha tansio tena. Kisha anasahau dawa, ao anaikataa. Ni duara.

Kwa muchimbaji duara hiyo inakaza zaidi. Sisi hatuna mushahara wa mwezi. Mwili wetu ndio kazi yetu: siku mukono unakufa, shimo linachukuliwa na mwengine, na deni kwa mwenye kutoa chakula linabaki. Mutu amelala kitandani anahesabu: pikipiki, dawa, sindano, kitanda, masomo ya watoto. Tunajua pia kama hospitali nyingi za inchi yetu zinashika mugonjwa aliyepona mupaka faktire iishe kulipwa. Mutu aliyekuja na tansio, unamufungia hapo na deni: tansio itashuka namna gani?

Tusisahau wamama. Bibi wa mugonjwa analala chini kwenye kikwembe, anapika inje, anamugeuza bwana yake usiku ili asipate vidonda, asubui anatafuta feza. Yeye pia anavunjika, kimya kimya. Tukimuuliza bwana, tumuulize na bibi.

Basi tuangalie nini? Kulia siku mbili tatu kisha AVC ni kitu cha kawaida. Lakini kama huzuni inapita majuma mawili, mutu hafurahii tena kitu alichokuwa anapenda, hali, halali ao analala muchana kutwa, anajilaumu, anasema heri afe, huo ni ugonjwa. Na kumbuka: wengine AVC imewakamata ulimi, hawawezi kusema. Hao uwaangalie macho, chakula na usingizi.

Kuna maulizo mawili tu, na muuguzi yeyote anaweza kuyauliza kwa dakika mbili. La kwanza: "Ndani ya majuma haya mawili, umekuwa na huzuni ao kukata tamaa?" La pili: "Umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unapenda?" Akijibu ndiyo, wanganga wachunguze zaidi. Na kama mutu anasema juu ya kufa, umuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumutii wazo hilo kichwani, kunamufungulia mulango. Usimuache peke yake, ondoa kamba na sumu karibu naye, umupeleke kwa wanganga siku hiyohiyo.

Tunajua mutasema: wanganga wa akili wako wapi? Ni kweli, katika Kongo ni wachache sana, na wengi wako Kinshasa. Ndiyo maana tangu mwaka 2008 Shirika la Afya la Dunia, OMS, liko na programu ya kufundisha wauguzi na wanganga wa kawaida kutambua depresio na kuitunza pale pale. Dawa za depresio ziko, na mazungumzo ya kila juma yanasaidia. Haiombi kujenga jumba mupya. Inaomba mafundisho, na mutu wa kukaa chini na kusikiliza.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa wakubwa wa afya wa jimbo la Tshopo na wa zoni ya afya ya Bengamisa: mugonjwa wa moyo, wa tansio ao wa AVC asitoke kitandani bila kuulizwa yale maulizo mawili, na jibu liandikwe kwenye fishi yake pembeni ya namba ya tansio. Wauguzi wetu wafundishwe kazi hiyo.

Kwa wakubwa wa koperative: sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha bwana-kazi kutunza mufanyakazi na jamaa yake. Sisi wa shimo hatuna bwana-kazi, hivi sheria hiyo inatupita juu ya kichwa. Lakini kuna sheria ya mwezi wa pili 2017 juu ya mituele. Inaturuhusu kuweka kidogo kidogo pamoja, ili faktire ya mumoja isiue jamaa muzima. Tunatosha feza ya matanga kila mara. Kwa nini tungoje mutu afe ndiyo tutoshe?

Kwa sisi wenyewe, ekipe kwa ekipe: mwenzetu akirudi toka hospitali, tugawane siku za kumutembelea. Mumoja aangalie kama dawa za tansio zinamezwa kila siku, hata siku anajisikia muzima. Mumoja amusaidie kutembea mupaka barabarani na kurudi. Na tumupatie kazi ya mukono moja: kuhesabu vidumu, kuandika daftari ya ekipe, kufundisha vijana namna ya kujua udongo. Mutu mwenye kazi hajisikii muzigo.

Na lile neno "jikaza kiume", tuliache. Tulimwambia mwenzetu neno hilo, na ndilo alilobaki nalo. Leo jioni, kama kuna mugonjwa wa tansio mu nyumba yako ao kwa jirani, kaa naye, uulize, kisha unyamaze usikie.