"Haijaingia" Si Jibu

Wasee, leo siko hapa kuchekesha mtu. Nimekasirika.

Juzi nilikuwa kwa foleni ya supamaketi na unga, mafuta na sabuni. Bili ilikuwa 1,850. Nikalipa kwa simu, meseji ikaja hapo hapo: umetuma, salio lako ni hili. Keshia akaangalia mashine yake, akaniangalia mimi. "Haijaingia."

Nikamwonyesha meseji. "Naona, lakini kwangu haijaingia. Tuma tena, ile ya kwanza itarudi yenyewe." Nyuma yangu watu wameanza kukohoa ile kikohozi ya "buda, songa". Sikutuma tena kwa sababu hizo ndizo zilikuwa zote. Nikaacha vitu kwa kaunta. Nyumbani mathe akauliza unga iko wapi. Sasa nimpikie meseji?

Pesa ilirudi siku ya tatu. Sitaji jina la mtu, kwa sababu nilipouliza, kila upande uliniambia mfumo wake uko sawa. Wa simu wako sawa. Wa benki wako sawa. Wa duka, mashine yao ni mpya. Na cha kuudhi ni kwamba wote wanaweza kuwa wanasema ukweli. Mfumo unaweza kupita kila mtihani ukiwa peke yake, halafu uanguke siku ya kwanza ukiongea na mwenzake. Doh yangu ilikwama pale katikati, na katikati hakuna mwenyewe.

Acha nieleze bila maneno makubwa. Umetuma mzigo kwa cucu ocha kwa matatu. Jioni unapiga simu, cucu hashiki. Je, mzigo ulipotea, ama ulifika na simu ya cucu imezima? Wewe uliye Nairobi huwezi kujua, juu kimya ni kimya. Mashine nazo ziko hivyo. Moja inatuma ujumbe, inangoja jibu, jibu haliji. Ikinyamaza, pengine malipo yamepotea. Ikituma tena ovyo, pengine umekatwa mara mbili.

Dawa yake inajulikana kitambo. Kila ujumbe upewe namba yake. Anayepokea aandike namba hiyo kwa daftari, kisha ajibu. Asipojibu, anayetuma arudie na namba ILE ILE. Mpokeaji akiikuta tayari kwa daftari, hafanyi kazi mara ya pili, anarudia jibu tu. Basi.

Sasa ona penye moto. Wawili wanaweza kufuata sheria hiyo hiyo na bado wakuumize. Tuseme mpokeaji anafuta daftari kila baada ya dakika tano, na mtumaji anarudia baada ya dakika kumi. Hakuna aliyevunja sheria, lakini wewe umelipa unga mara mbili. Hiyo huwezi kuipata kwa kujaribu upande mmoja hata ukeshe. Lazima uwaweke wote wawili meza moja.

Na haya si mageni. Mwaka wa 2003 kampuni kubwa za kompyuta zilitaka mashine zitumiane ujumbe wa kuaminika kupitia intaneti: ufike, ufike mara moja, ufike kwa mpangilio. Januari, kina Sun, Oracle na Fujitsu wakaleta kanuni zao, WS-Reliability. Machi, IBM, Microsoft, BEA na TIBCO wakaleta zao, WS-ReliableMessaging. Ahadi ni zile zile, lakini kanuni haziongei. Shirika la viwango la OASIS lilipitisha ya kwanza 2004, na ile ya pili 2007, mwaka ule M-Pesa ilianza hapa kwetu. Yaani waliotaka mashine zielewane hawakuelewana wenyewe!

Lakini nitawapa haki yao. Wahandisi wa kampuni zinazoshindana walikutana kwa warsha, kila mmoja na programu yake, wakazifanya ziongee. Na hawakujaribu siku njema peke yake. Walipoteza ujumbe makusudi waone nani atashtuka.

Sisi tumeunganisha vitu vingi haraka. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja wa simu hadi mwingine kulianza 2018. Kulipa till ya mtandao mwingine kukaja 2022. Ongeza benki, duka, na programu ya kijana fulani mtaani. Ni poa, sikatai. Lakini kila daraja jipya ni mahali papya pa kuanguka.

Najua jibu litakuja: "Mtandao ulikuwa chini." Manze, mtandao kuwa chini ndiyo sababu ya hizo namba na daftari! Kujaribu malipo mtandao ukiwa safi ni kama kujaribu mwavuli wakati wa jua. Wengine watasema kujaribu hivyo ni ghali. Kwani saa hii nani analipa? Ni mama wa mboga aliyetoa bidhaa bila pesa, na ni mimi na mathe bila unga.

Kwa hivyo nataka hivi. Mifumo ijaribiwe wawili wawili kabla ya kuanza kazi, na tena kila upande mmoja ukibadilisha kitu. Wapoteze ujumbe, wapoteze jibu, watume mara mbili, wazime mashine katikati. Benki Kuu, ambayo ndiyo hutoa leseni za malipo, idai matokeo na iyaweke wazi. Na mifumo ikikosana, pesa ya mteja irudi kwanza, wao wabishane baadaye.

Na nyinyi mnaojifunza kuandika kodi, "kwangu inafanya kazi" si jaribio. Hifadhi namba kabla hujatuma. Chomoa waya katikati ya malipo uone nini kitatokea. Afadhali uaibike kwa chumba chako kuliko mtu aaibike kwa foleni.

Siku ingine ukiambiwa haijaingia, usimfokee keshia, yeye pia ameshikwa hapo katikati. Uliza walio juu yake swali moja: hizi mashine zenu zilijaribiwa pamoja lini?