Usimtumie staa kama kisingizio cha kuacha chuo

Kila nikisema niliacha chuo, hakosi msee wa kuniambia, "Tulia bro, hata mastaa waliacha." Sawa. Leo nikupe staa mmoja ambaye ukimtaja, umalize stori yake yote: Larry Fitzgerald.

Kama humjui, usijali. Alicheza futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira uliochongoka, si kandanda yetu. Kazi yake ilikuwa mpokeaji: unachomoka mbio, unaruka, unadaka pasi huku mabeki wakikuangukia. Aliifanya misimu 17, yote na Arizona Cardinals. Alidaka pasi 1,432 kwa jumla ya yadi 17,492. Katika historia ya NFL, ni Jerry Rice pekee aliyemzidi.

Nusu ya kwanza ya stori utaipenda. Alisoma miaka miwili tu Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 2004 akatoka, na Cardinals wakamchukua akiwa wa tatu kati ya wachezaji wapya wote. Doo zikaingia.

Nusu ya pili ndiyo tunairuka. Mamake alifariki 2003 kwa saratani ya matiti, na Larry alikuwa amemwahidi kwamba atamaliza chuo. Hebu fikiria: una mamilioni, una jina, na uliyemwahidi hayupo tena. Nani angekudai? Lakini jamaa alirudi kwa vitabu huku akicheza. Mei 2016, akiwa na miaka 32, akahitimu kutoka University of Phoenix. Msimu wa mwaka huohuo akadaka pasi 107, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa NFL.

Sasa tuambiane ukweli. Larry alipotoka chuoni, timu zilikuwa zinamngoja. Mimi nilipotoka mwaka wa pili, nilikuwa na deni la karo na simu iliyopasuka kioo. Sikuwa nafuata kipaji chochote. Karo ilikosekana, basi. Baadaye ndipo nikaanza kuwaambia watu kwamba chuo ni kupoteza wakati, kwa sababu kusema hivyo kunauma kidogo kuliko kusema nilishindwa kulipa.

Sisemi cheti ndicho maisha. Wenye digrii wanaoendesha boda tunawajua, na ni marafiki zetu. Pia sisemi urudi kesho. Karo haidondoki kutoka mbinguni. Nasema tu, ukiacha chuo, jua umeacha kwa nini. Usiipake shida yako rangi ya ujanja, kisha umuite staa aje kukutetea.

Mathe wangu yuko hai. Barua yangu ya kujiunga na chuo bado ameihifadhi kwenye droo, na hajawahi kuniuliza nitarudi lini. Mwaka huu nimeanza kulipa lile deni, pole pole.

Na wewe, ulimwahidi nani?